Mikono miwili au minne? Kuchagua picha ya Njia Nyeupe ya kuchora ukutani

Fundi alikuwa amekwisha kuupaka ukuta rangi nyeusi mara mbili. Akashika brashi, akaniuliza: "Mwalimu, mikono mingapi?" Nikamwambia minne. Mwalimu wa fizikia, aliyekuwa nyuma yangu, akasema miwili. Tulikuwa tunasema juu ya mikono ya Njia Nyeupe, yaani galaksi yetu: ile misokoto ya nyota na gesi inayoizunguka katikati yake. Tukatazamana.

Mimi si mtu wa sayansi. Nafundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari hapa Masindi, na niliitwa kwenye kazi ile kwa sababu mkuu wa shule alitaka maandishi ya ukuta yawe kwa lugha mbili, maana Baraza la Mawaziri lilikwisha kuidhinisha mwaka 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi. Kazi yangu ilikuwa majina tu. Ile minne nilikuwa nimeiona kwenye kitabu cha maktaba, na ile miwili mwenzangu aliipakua kwenye simu wiki hiyohiyo. Huyu mwenzangu ni mtu wa kuaminika katika mambo ya juu: alipatwa na ugonjwa wa anga siku ile Jua lenyewe lilipopatwa kule Pakwach, tarehe 3 Novemba 2013, na hajapona mpaka leo. Fundi akakaa juu ya ndoo akitungoja tukubaliane. Siku hiyo haikuchorwa hata nukta.

Tangu hapo nimesoma, nimeuliza, na walimu wa klabu za sayansi wa shule nyingine wamenipigia simu na swali lilelile. Kwa hiyo nimeziweka picha hizo bega kwa bega, ili anayetaka kupamba ukuta, kuandaa bango au kufundisha somo moja tu ajue anachagua nini.

Kwanza tuelewane juu ya jambo moja. Hakuna aliyewahi kuipiga galaksi yetu picha kutoka nje. Chombo cha Voyager 1 kilirushwa mwaka 1977 na mpaka sasa kimefika umbali ambao nuru huumaliza kwa takriban siku moja. Sahani ya nyota tunamoishi ina upana wa miaka ya nuru 100,000 hivi, na mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru huumaliza kwa mwaka mmoja. Kila picha unayoiona ya Njia Nyeupe ikitazamwa kutoka juu, hata ikiwa na rangi tamu namna gani, ni mchoro. Ni kama mtu aliyesimama ndani ya msitu wa Budongo akaambiwa auchore msitu mzima kutoka juu bila kusogeza mguu. Anaweza kufanya hivyo, akiwa na akili, subira na vifaa. Lakini atakachochora kitategemea alihesabu nini: mivule, mimea michanga, au sauti za sokwe.

Vigezo

Nimetumia vigezo vinne kwa kila picha. Cha kwanza ni walipima nini, maana hapa ndipo ugomvi wote unapoanzia. Cha pili ni uhakika wake unaishia wapi. Cha tatu ni kazi ya ukutani: ugumu, rangi, muda wa fundi. Cha nne, ambacho mimi nakipenda kuliko vyote, ni kama mwanafunzi akitoka nje usiku akatazama juu, picha ile itamsaidia kuelewa anachokiona. Mwisho wa kila moja nimesema inamfaa nani.

Kwa kipimo, chukua ukuta wetu: duara la mita 2. Hapo kila sentimita ni miaka 500 ya nuru. Jua letu liko umbali wa miaka 26,000 hivi kutoka kitovuni, yaani sentimita 52. Nyota karibu zote unazoziona kwa macho matupu, pamoja na Kilimia cha wakulima, zinazibwa na kiganja kimoja kikibandikwa juu ya Jua. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili aliweka kiganja chake pale, akakitazama, akanyamaza. Nilifurahi kuliko siku aliyoshinda shindano la insha.

Picha ya kwanza: mikono minne

Walipima nini. Gesi, na nyota changa zinazozaliwa ndani yake. Mwaka 1951 kule Harvard, Harold Ewen na Edward Purcell walinasa wimbi la redio la hidrojeni lenye urefu wa sentimita 21. Nuru ya kawaida huzuiwa na vumbi lililotanda kati ya nyota, lakini wimbi hilo hupenya kama sauti ya ngoma inavyopenya ukungu wa asubuhi. Mwaka huohuo William Morgan na wenzake walionyesha vipande vya mikono vilivyo karibu nasi kwa kutumia nyota changa zenye joto kali. Ilipofika 1958 Jan Oort na wenzake walikuwa wametoa ramani ya hidrojeni ya sehemu kubwa ya sahani. Ramani iliyoingia vitabuni zaidi ilikuja mwaka 1976, kazi ya Wafaransa wawili, Yvonne na Yvon Georgelin, waliofuatilia mawingu ya hidrojeni yanayowashwa na nyota changa. Wao wakapata mikono minne. Na msidhani ni habari ya kizamani: mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds walitoa matokeo ya kufuatilia nyota nzito zipatazo 1,650, wakapata minne tena.

Uhakika unaishia wapi. Gesi haikuambii iko mbali kiasi gani. Inakuambia mwendo wake tu, kwamba inakuja au inakwenda na kwa kasi gani. Kutoka kwenye mwendo huo wanahesabu umbali, wakichukulia kwamba kila kitu kinazunguka kitovu kwa utaratibu. Shida ni kwamba, ukitazama upande wa ndani ya njia ya Jua, sehemu mbili zilizo kwenye mstari mmoja, moja karibu na nyingine mbali, zinaweza kuwa na mwendo uleule. Utajuaje wingu ni lipi? Na pale ambapo gesi imesukumwa na kitu kingine ikaacha utaratibu, umbali uliohesabiwa unakuwa umepotoka, wakati mwingine vibaya sana.

Kazi ya ukutani. Hii ndiyo rahisi kuliko zote. Funga kamba kwenye mkebe wa rangi ulioshikwa katikati ya duara, funga chaki mwisho wake, izungushe ikifunguka. Si msokoto kamili wa kihesabu, ila jicho linakubali. Rudia mara nne kwa kugeuza robo duara. Majina ninayoyatumia ni Mkono wa Farisi, wa Mshale na Mkuku, wa Ngao na Kantarusi, na wa Pembemraba, kufuatana na makundinyota ambako mikono hiyo huonekana. Kati ya Mshale na Farisi kuna kipande chetu, Mkono wa Jabari, ambamo Jua limo.

Anga la usiku. Hapa picha hii inazishinda nyingine, na hapa Uganda ina bahati ambayo watu wengi hawaijui. Sisi tuko ikweta. Wengine hupita juu ya mstari wenyewe pale Kayabwe wakienda Masaka, wakapiga picha wakaendelea na safari. Aliye ikweta huiona mbingu ya kaskazini na ya kusini, kwa hiyo kwa mwaka mmoja utepe wote wa Njia Nyeupe unapita juu ya upeo wako. Huko London kitovu cha galaksi hakipandi hata nyuzi 10 juu ya upeo; hapa Masindi kinafika karibu nyuzi 60. Jioni za Julai na Agosti, mawingu yakikubali, mtazame Mshale upande wa kusini: hapo unatazama ndani, na mkono ulio karibu upande huo ndio unaoitwa kwa jina lake. Novemba na Desemba geukia kaskazini, kwa Farisi na Mke wa Kurusi: sasa unatazama nje, kwenye Mkono wa Farisi. Januari, Jabari anapopita utosini, unatazama mkono wetu wenyewe. Mwanafunzi anaweza kusimama uwanjani na kunyoosha kidole kuelekea kila jina lililo ukutani.

Inamfaa nani. Klabu inayotoka nje usiku, na mwalimu anayetaka kufundisha nyota zinazaliwa wapi.

Picha ya pili: mikono miwili na mwamba

Walipima nini. Nyota zilizokomaa. Darubini ya Spitzer, iliyorushwa mwaka 2003, ilitazama kwa nuru ya infraredi, isiyoonekana kwa macho, ambayo nayo hupenya vumbi kwa kiasi kikubwa. Mwaka 2008 Robert Benjamin wa Chuo Kikuu cha Wisconsin–Whitewater alieleza matokeo ya kuhesabu nyota katika picha hizo, nyota zaidi ya milioni 110. Ukitazama kuelekea Mkono wa Ngao na Kantarusi, idadi ya nyota inapanda, kama inavyotarajiwa mtu akitazama kwenye mkono wa kweli. Ukitazama kuelekea Mkono wa Mshale na wa Pembemraba, haipandi. Msanii Robert Hurt wa Caltech akachora picha kufuatana na matokeo hayo: mikono miwili mikubwa, miwili iliyofifia, na katikati mwamba mrefu wa nyota, kama mwamba wa goli uliolazwa. Ndiyo picha aliyokuwa nayo mwenzangu kwenye simu.

Hapa ndipo nilipoelewa kwamba sote wawili hatukukosea. Chukua Kampala. Ukihesabu watu saa sita mchana utasema mji uko Owino na Kikuubo. Ukihesabu saa sita usiku, pale pamebaki walinzi na paka, na mji umehamia Nansana, Kireka na Mukono. Hesabu zote mbili ni za kweli na mji ni mmoja. Gesi na nyota changa zinachora mikono minne. Nyota za zamani, ambazo zikijumlishwa ndizo zenye sehemu kubwa ya uzito wa nyota zote, zinakusanyika zaidi katika miwili. Mkono usiokuwa na msongamano wa nyota za zamani haujakufa. Bado una gesi, bado unazaa.

Uhakika unaishia wapi. Mwamba ni wa uhakika. Gérard de Vaucouleurs aliudokeza mwaka 1964, Leo Blitz na David Spergel wakaleta ushahidi mzito mwaka 1991, na Spitzer mwaka 2005 ikaupa urefu wa miaka ya nuru 27,000. Urefu huo ndio unaobishaniwa. Wapo wanaosema ni mfupi zaidi. Kuhusu mikono, kuna jambo ambalo bango halisemi: katika hesabu ile ya Spitzer, Mkono wa Farisi haukuonekana, kwa sababu unapita upande wa nje na picha zake zilielekea ndani. Kwa maneno mengine, mmoja kati ya wale wakubwa wawili uliwekwa ukubwani kwa sababu nyingine, si kwa kuhesabiwa pale. Siwalaumu. Lakini mwanafunzi aliyeambiwa "Spitzer iliona mikono miwili" ameambiwa zaidi ya kilichoonekana.

Kazi ya ukutani. Ngumu zaidi, na nzuri zaidi. Mwamba kwenye ukuta wetu ungekuwa sentimita 54, wa rangi ya njano inayoelekea kahawia, na unahitaji kufifishwa kingo kwa sponji ili usionekane kama ubao uliopigiliwa. Mikono midogo inataka mkono mwepesi. Fundi wetu aliipenda hii tangu alipoiona. Alisema ndiyo pekee inayofanana na kitu cha kweli. Ni kweli inavutia, na ndiyo hatari yake: watoto huiita picha, nami kila mara nawaambia ni mchoro.

Anga la usiku. Inasaidia kidogo. Nyota nyekundu za zamani zilizohesabiwa huzioni kwa macho, zimejificha nyuma ya vumbi. Lakini usiku usio na mwezi, mbali na taa za mji, mtazame mpakani mwa Nge na Mshale: utepe unanenepa, unavimba. Uvimbe huo ni sehemu ya katikati ya galaksi, na ndani kabisa, nyuma ya vumbi, liko shimo jeusi lenye uzito wa Jua mara milioni 4 hivi. Reinhard Genzel na Andrea Ghez walipata Nobeli mwaka 2020 kwa kulifuatilia, na tarehe 12 Mei 2022 ulimwengu ukaonyeshwa sura ya mduara wake wa nuru.

Inamfaa nani. Anayefundisha uzito, mvuto na katikati ya galaksi. Na shule inayotaka ukuta wa kuonyesha wageni.

Picha ya tatu: vipande vilivyopimwa tu

Walipima nini. Umbali wenyewe. Nyoosha kidole mbele ya uso, funga jicho moja, kisha jingine: kidole kinaruka. Wanaanga wanafanya hivyo kwa kutumia mzunguko wa Dunia, wakitazama nyota Januari na tena Julai, na wanaiita paralaksi. Haidai uamini lolote kuhusu mwendo wa gesi. Kundi la Mark Reid lilitumia darubini za redio kupima sehemu zinazozaa nyota ambako maji na methanoli hutoa miale ya asili inayoitwa maseri. Waliunganisha masahani 10 ya darubini hizo yaliyotawanywa kutoka Hawaii hadi Visiwa vya Virgin yakawa kama jicho moja, na Wajapani walikuwa na mtandao wao. Kufikia 2019 walikuwa na vipimo 200 hivi. Chombo cha Ulaya kiitwacho Gaia, kilichorushwa Desemba 2013, kikapima nyota karibu bilioni 2 mpaka kilipomaliza kazi ya kutazama Januari 2025.

Vipimo hivyo vimevuruga picha zote mbili za juu kwa namna ya kupendeza. Mkono wetu wa Jabari, uliokuwa ukichorwa kama kijiti, ulionekana mwaka 2016 kuwa na urefu wa zaidi ya miaka ya nuru 20,000. Mwaka 2020 likatangazwa Wimbi la Radcliffe, mnyororo wa mawingu ya gesi wenye urefu wa miaka ya nuru 9,000 hivi, unaopanda na kushuka kama nyoka majini, tena uko jirani yetu. Kwa karne nzima watu waliona vipande vyake wakavipa umbo jingine. Kundi la Reid lenyewe lilibaki na mikono minne, na vijitawi. Kisha mwaka 2023 Xu Ye na wenzake wa China wakapendekeza kwamba ndani kuna mikono miwili, ambayo huko nje inagawanyika ikawa mingi. Ila miwili yao ni Farisi na Pembemraba. Ile ya 2008 ilikuwa Farisi na Ngao-Kantarusi. Nilipomsomea mwenzangu habari hiyo alicheka mpaka akakohoa: alishinda ubishi wa idadi na kushindwa wa majina katika sentensi moja.

Uhakika unaishia wapi. Unaishia panapoonekana, na huo ndio uzuri wake. Upande wa pili wa kitovu ni karibu mtupu. Mwaka 2017 maseri moja ilipimwa huko nyuma, umbali wa zaidi ya miaka ya nuru 66,000 kutoka kwetu, na ikawa habari kubwa. Upande wa anga la kusini nao ulibaki na mapengo katika ramani ya maseri, kwa sababu masahani yale yako kaskazini.

Kazi ya ukutani. Mateso. Ni nukta, mamia ya nukta, kila moja mahali pake, na huwezi kubahatisha. Fundi wetu alitazama mchoro, akasema ukuta utaonekana umeugua surua. Utahitaji kuchora miraba ya penseli kwanza, na wanafunzi wenye subira. Lakini rangi inayotumika ni kidogo sana, na gharama ni muda tu.

Anga la usiku. Bila mwalimu kando yake, mtoto hataelewa. Akiwepo mwalimu, inafanya kazi: Kilimia kiko umbali wa miaka ya nuru 440 hivi, chini ya sentimita moja kutoka kwenye Jua la ukutani, na mtoto anaona kwamba nyota ambazo babu yake alizitumia kujua msimu wa kupanda ni za mlango wa pili tu.

Inamfaa nani. Kidato cha tano na sita, wanafunzi wa chuo, na yeyote anayetaka watoto waone sayansi inapoishia pamoja na inapofika.

Picha ya nne: mfululizo wa ramani za zamani

Hii nitaisema kwa ufupi, ingawa kwa wengine ndiyo bora. Unachora visanduku vidogo vinne au vitano kufuatana na miaka.

Walichopima ni wingi wa nyota, kisha mwanga wake. William Herschel mwaka 1785 alihesabu nyota kila upande, akachora sahani yenye Jua karibu na kitovu. Jacobus Kapteyn mwaka 1922, akiwa na vifaa bora mara nyingi, bado aliliweka Jua karibu na katikati. Ni yuleyule mtu wa Budongo, safari hii ndani ya ukungu: anaona miti sawa kila upande, anasema niko katikati. Harlow Shapley alikuwa amekwisha kutoka kwenye mtego huo mwaka 1918 kwa kupima vishada vya duara vya nyota, akitumia kanuni aliyoigundua Henrietta Leavitt kuhusu nyota zinazopwesa, yaani zinazong'aa na kufifia kwa zamu, na akalipeleka Jua pembeni, ila akaifanya galaksi kubwa kupita kiasi. Edwin Hubble mwaka 1923 alipata nyota ya aina hiyohiyo ndani ya Andromeda, galaksi jirani, na galaksi yetu ikawa moja kati ya nyingi. Robert Trumpler mwaka 1930 akathibitisha kwamba ukungu wenyewe, yaani vumbi, upo.

Uhakika wake sasa ni wa kihistoria: tunajua kila mmoja alikosea wapi na kwa nini. Kazi ya ukutani ni nyepesi, hata wanafunzi wanaimaliza wenyewe. Kwa anga la usiku ina zawadi moja: ile mistari myeusi inayoupasua utepe kati ya makundinyota ya Nge na Dajaja ni vumbi lilelile lililomdanganya Kapteyn, na kutoka hapa linaonekana kwa macho. Inamfaa mwalimu wa historia anayeshirikiana na wa fizikia, na shule za msingi.

Neno kuhusu ubavu

Wengi husahau kuchora galaksi kutoka ubavuni. Kwa kipimo chetu, sahani ya mita 2 ingekuwa na unene wa sentimita 2 hivi, chapati ya kweli. Na chapati yenyewe haikunyooka: mwaka 2019 makundi mawili, moja likitumia nyota 1,339 zinazopwesa na jingine 2,431, yalionyesha kingo zake zimejikunja, upande mmoja juu na mwingine chini. Mchoro huu unakaa chini ya picha yoyote kati ya nne, unachukua nafasi ndogo, na mimi ningeuweka kila mahali.

Uchague vipi, kwa hali yako

Kama shule yako iko mbali na taa, Kidepo, Karamoja, vijiji vya huku kwetu, na watoto wanaweza kukaa nje saa mbili usiku, anza na mikono minne. Usiku wenyewe utafundisha. Kama uko Kampala ambako nyota zinahesabika kwa vidole, faida hiyo imepotea, na mikono miwili yenye mwamba itakupa ukuta wenye kuvutia na hadithi ya shimo jeusi.

Kama una ukuta wa maabara usiotazamwa na wageni na kidato cha sita wenye hamu, wape nukta. Waache waweke chache kila muhula. Toleo la nne la data za Gaia limepangwa kutolewa Desemba 2026, na ukuta wa nukta ndio pekee utakaolipokea bila kupakwa upya.

Kama bajeti ni kopo moja la rangi nyeupe na watoto wa darasa la sita, mfululizo wa visanduku.

Kama unafundisha kwa ajili ya mtihani tu, fuata picha iliyo kwenye kitabu mnachotumia, hata kama ni ya zamani, kisha tumia dakika tano kueleza ile nyingine. Usimchanganye mtoto wiki ya mwisho.

Kama mko wawili na hamkubaliani, kama sisi, inawezekana kuchanganya, ila kwa uangalifu: mikono minne kwa rangi ya buluu hafifu kuonyesha gesi, miwili kati yake iongezwe njano kwa nyota za zamani, na mwamba katikati. Hapo lazima uchague miwili ya 2008 au ya 2023. Usichore yote mawili. Sisi tulichagua ya 2008, kwa sababu fundi alikuwa amekwisha kuchanganya njano ya upande ule. Upande wa nyuma ya kitovu tuliuacha mweusi mtupu, na pembeni pake nikaandika kwa chaki, si kwa rangi: "Bado."

Na vyovyote utakavyochora, andika mwaka chini yake. Fundi wetu alisahau, akarudi kesho yake na brashi ndogo, akauliza anadai nauli kwa nani.